Ngolo Ndani ya Gemu

Mbinga,
Oktoba, wiki ya pili.

Kaka yangu Rogasian,

Shikamoo. Naamini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi Anjela na watoto, na kwamba jua la Dodoma halijawakausha kupita kiasi. Sisi huku hatujambo. Ukungu bado unakaa mlimani mpaka watu wa ofisini wameshakunywa chai, mvua ya kwanza imetutishia ikaondoka, na mibuni imechanua vizuri hata wazee wanaogopa kuisifia. Mama hajambo. Kuhusu huo uhajambo wake nitaeleza kwa urefu, maana ndiyo sababu ya barua yenyewe, ila usianze kuruka mistari kuutafuta. Nakujua.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo na vocha ninayo. Kaka, kwenye simu wewe una neno lako, "nimekuelewa", nalo hulitoa kabla mtu hajasema kitu. Barua haikatizwi. Halafu Mama anasema jambo lenye uzito halipiti hewani, linadondoka njiani. Kwa hiyo bahasha hii nitampa konda wa basi mkononi, na nitamwangalia mpaka aiweke mahali ambapo hataikalia.

Jambo lenyewe unalijua, wewe ndiye uliyelianzisha. Ulisema Krismasi utakuja na gari, na ukirudi utarudi na Mama moja kwa moja, akakae kwako apumzike. Ukaniagiza nimwandae. Nimemwandaa. Matokeo yake ni kwamba Mama hataki kwenda, na sasa mimi nimeagizwa nikuandae wewe.

Nilipomfikishia lile neno lako la kupumzika, aliendelea kumenya viazi. Kisha akaniuliza hilo neno huwa nalisikia wapi zaidi. Nikasema kanisani. Akauliza kanisani wakati gani. Ni kweli, padri hulikazia sana akiwa na jeneza mbele yake. Mama akasema basi, mwambie Rogasi sijafika huko.

Lakini sitaki nianze na ubishi. Nataka kwanza nikurudishe kwenye kibanda cha Urbani, maana mambo yote ya mwaka huu yameanzia pale, na pia kwa sababu nimekikumbuka na sina mwingine wa kukikumbuka naye.

Unakiona? Nyuma ya mashine ya kusaga, mabati matupu, na lile benchi lenye msumari ambao kila mtu aliujua isipokuwa wageni. Vumbi la unga lilipenya kila tundu, tukawa tunatoka mle tumepauka kama sanamu za kanisani. Ile mashine ya gemu ilikuwa haisomi CD mpaka ipinduliwe, tumbo juu, na Urbani alikuwa anatukataza tusiigeuze. Alisema ni kama mtoto mwenye mafua, ina upande wake wa kulala. Kabla ya kuweka CD aliipuliza, akaifuta kwa shati, akaipuliza tena. Sidhani kama tuliwahi kucheza gemu ambayo haikuwa na pumzi ya Urbani ndani yake.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Sisi tuliyaita Kichina na hakuna aliyejali. Njia tuliijua kwa vidole: chini, chini, duara, subiri, duara, halafu omba Mungu. Mtangazaji alipiga kelele za lugha hiyohiyo kila goli lilipoingia, na ndugu yetu Glorious, mtoto wa Mama Mdogo Winifrida, aliyekuwa akija likizo kutoka Mbamba Bay, alizikariri zote. Mama Mdogo alikuja kutusimulia kwamba kule ziwani, watu wakivuta wavu na usipa wamejaa, Glorious alikuwa anasimama kwenye mtumbwi na kutangaza goli kwa Kijapani. Wavuvi wazee, Waanglikana wema wale, walidhani ni Kilatini alichotoka nacho kwa Wakatoliki wa Mbinga.

Sheria ya pale ilikuwa mshindi anabaki. Aliyefungwa anatoka, na kwa kuwa wote tulikuwa tumetumwa kusaga, yeye ndiye anayekwenda kusogeza ndoo zetu zote za mahindi kwenye foleni. Ndiyo maana tusi la mle ndani halikuwa tusi kabisa, lilikuwa "Nenda kasogeze!" Ukiambiwa hivyo mbele ya watoto wa mtaa mzima, machozi yanakulengalenga. Mimi nilisogeza sana. Nilipewa ile pedi ya wageni, yenye kitufe kilichozama, na wewe ulishika ile nzima kwa hoja kwamba una vidole virefu. Na jenereta likizimika katikati ya mechi, kila mara wewe ndiye uliyekuwa unaongoza. Hilo nimeliacha miongoni mwa mafumbo ya imani.

Halafu ile siku ya fainali, wewe na Glorious. Mkatoka sare, mkarudia. Mkatoka sare, mkarudia. Kwa kuwa hakufungwa mtu, hakwenda mtu kusogeza. Foleni ikatupita kama mto unavyopita jiwe, mashine ikafungwa, na tukapanda mlima na mahindi yaleyale tuliyoteremka nayo. Wewe ukamwambia Mama kwamba mashine imeharibika. Mama akauliza kwa upole kabisa, sasa huo mngurumo aliousikia mchana kutwa kutoka bondeni ulikuwa ni wa gari la askofu? Hakukupiga. Alikuletea kinu na mchi, akakuweka uani, upande wa njia ya kisimani. Mabinti wa kisimani, ambao siku zote walikuwa na haraka, jioni ile wote walikuwa na miiba miguuni. Walisimama kuitoa pale pale mbele yako.

Nilicheka mpaka nikapewa mchi wa pili. Lakini nakuambia ukweli, Kaka, mimi siku zile nilikuwa na furaha. Hata kusogeza ndoo kulikuwa na utamu wake, maana unajua ukimaliza utarudi kwenye lile benchi, ubanwe huku na huku na watu wanaopiga kelele kwa jambo lisilomdhuru yeyote.

Sasa nije mwaka huu. Baada ya Pasaka nilimkuta Urbani stendi. Nywele zimekwisha, anauza makava ya simu, na bado anapuliza kila kitu kabla ya kukichomeka, hata chaja. Chini ya meza ana boksi la mabaki yake ya zamani, na humo kulikuwa na gemu ndogo ya mkononi, ile ya matofali yanayoanguka. Nikaichukua. Utaniuliza mwanamke mzima mwenye cherehani mbili na wateja wanaomsubiri, gemu ya nini? Swali zuri. Liache hapo kidogo.

Aliyeishika ni Mama. Nilimweleza kwamba matofali yanashuka, unayageuza, unayapanga mstari usio na tundu, na mstari ukijaa unafutika. Akapanga mstari wake wa kwanza taratibu sana. Ukafutika. Akaniuliza uko wapi. Nikamwambia umeondoka, huo ndio ushindi. Akasema hapana, kitu kilichopangwa vizuri hakiondoki chenyewe, umeibwa. Akapanga wa pili, nao ukaibwa. Wa tatu akaacha tundu katikati, ukakaa. Akaniangalia kama mtu aliyemshika mwizi mkono.

Tangu siku hiyo Mama anacheza ngolo. Sina jina jingine la kuuita mchezo wake. Umekaa mjini muda mrefu lakini ngolo hujasahau: unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana kwenye mteremko, unafukia kwa udongo, na kila katikati linabaki shimo la kushika maji, ili mvua isibebe shamba lako kulipeleka mtoni. Basi gemu ya Mama ndivyo inavyokwenda. Tofali, shimo, tofali, shimo, mpaka juu, na mashimo yamenyooka kuliko mishono yangu. Kioo kikijaa, gemu inaimba wimbo wake wa msiba na kuandika maneno. Aliniuliza yanasemaje. Nikamwambia yanasema imekwisha, umeshindwa. Akasema iambie haijaisha, ndiyo kwanza iko tayari kupandwa.

Anasema aliyeitengeneza ni mtu wa tambarare, hajawahi kulima mlima, na hamlaumu.

Jirani yetu Rosina, aliyekaa Ngaka kwa mwanawe anayeendesha lori la makaa ya mawe, alikuja akasimama nyuma yake na kumkosoa. Akasema Kunigunda, unaharibu, yabananishe kama makaa kwenye lori, usiache nafasi. Mama akamjibu bila kuinua macho, "Makaa hayaoti, Rosina." Rosina akasonya, akaondoka, akarudi na kigoda chake. Siku hizi baada ya jumuiya wanagombania zamu, na nimeona rozari ya kwetu inakwenda mbio kuliko ya jumuiya za jirani. Mimi nakaa na pini zangu mdomoni. Watu wakiona fundi ana pini mdomoni hudhani na masikio yamebanwa, wanasema kila kitu.

Mwezi wa nane tulishuka ziwani kumwona Mama Mdogo Winifrida. Na lami hii, Kaka, Mbamba Bay imekuwa kama kwenda sokoni. Yule Glorious wako sasa ana kibanda chake cha gemu karibu na mwalo. Televisheni pana kama mlango, pedi hazina waya, mashine imelala kifudifudi kama mashine za watu wenye heshima. Vijana wanamwita Bosi. Mama Mdogo analalamika kwamba usipa wanaanikwa na wanawake peke yao kwa sababu vijana wote wako Ulaya wanacheza ligi, lakini nilimwona anampelekea chai mlemle ndani, na alichelewa kutoka.

Glorious akamkalisha Mama mbele, akampa gemu ya mashindano ya magari. Mama akaendesha vizuri tu, polepole, akisimama kila kona kama dereva anayeijua milima yetu, na wote walimpita. Akamwuliza Glorious hili gari linakwenda wapi. Glorious akasema linazunguka, Mama Mkubwa, linarudi lilipoanzia. Mama akauliza sasa kwa nini liliondoka. Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko. Kijana mmoja alitoka nje kabisa akashika mti.

Nimekusimulia haya yote uone Mama alivyo. Sasa kama umesimama, kaa.

Lile swali la mwanamke mzima na gemu. Mwezi wa tatu Mama alikuwa shambani anafukia ngolo, jembe likamdondoka. Akaliokota, likadondoka tena. Rosina alikuwa shamba la pili, akamwuliza kwa sauti una nini, na jibu la Mama likatoka limepinda. Kilikuwa kiharusi. Si kile kikubwa, na daktari alisema tulimfikisha mapema, lakini mkono wa kulia ulilala na ulimi ukawa mzito. Ile Pasaka uliyopiga simu nikakuambia Mama yuko misani, alikuwa kitandani nyuma yangu, amenikazia macho. Na ile sauti yake uliyoisikia baadaye, niliyokuambia ni mafua, hayakuwa mafua.

Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema, kwa ulimi ule mzito, kwamba Rogasi akijua atakuja na gari siku hiyohiyo, na mtu hawezi kumkatalia mwanawe akiwa amelala. Ngoja nisimame kwanza, akasema, ndipo nimkatalie. Maneno ni yake, lakini mdomo uliokudanganya ni wangu, na ulikuwa mzima hauna ugonjwa wowote. Naomba unisamehe. Ukikasirika, nikasirikie mimi, nimeshajiandaa. Ila maliza kusoma kwanza.

Hospitali walisema vidole vipewe kazi ndogondogo kila siku. Walimpa mpira wa kuminya, akasema hana umri wa mpira. Nikampa maharage achambue. Akachambua. Nikayachanganya tena achambue upya, akaniambia kuchambua kilichochambuliwa ni kazi ya vichaa. Ndipo nilipomkumbuka Urbani. Sikumkuta stendi kwa bahati, nilikwenda kumtafuta, na nilipomweleza ni ya nani aliipuliza ile gemu mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Siku za mwanzo Mama alikuwa anakisukuma kidole gumba cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemsukuma mbuzi asiyetaka kuvuka mto. Mimi nilishona nikiwa nimempa mgongo, namwangalia kwenye kile kioo cha wateja ili asijue naangaliwa. Wiki zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja nikasikia vitufe vinalia haraka haraka, nikainua macho kwenye kioo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kikombe cha chai.

Nililia, Kaka. Nikasingizia kwamba nimejichoma sindano. Mama akasema fundi wa miaka yote hiyo bado unajichoma, aibu.

Sasa anamenya viazi, anafunga kuni, anajifunga kitenge mwenyewe. Lile shamba alilolikatisha majirani walilimaliza kwa ngokela, wakisaidiana kama desturi, na maharage yalivunwa mwezi wa saba, yamo ndani. Jembe kubwa bado sijamruhusu, na kuhusu hilo tunagombana kila juma.

Najua utasema Dodoma kuna hospitali kubwa. Ni kweli, na sikatai kwamba dawa za presha atameza maisha yake yote. Anazimeza. Rosina huja asubuhi kuhakikisha, na Mama asipoonekana jumuiyani, watu wameshabisha hodi kabla mimi sijashtuka. Kwako nani atabisha hodi? Mnatoka wote alfajiri, geti linafungwa, anabaki na televisheni na binti wa kazi anayeogopa kumsemesha. Mwaka juzi alipowatembelea aliuona ule ukoka wa wifi Anjela umestawi vizuri kwenye kile kimteremko, akajua ni shamba limetelekezwa, akaufyeka na kuupanga ngolo. Wifi alivumilia, Mungu amzidishie, na maharage mlikula. Lakini ukoka ni ule mmoja, na Mama nia yake ni kuishi sana.

Sisemi hupaswi kumtunza. Wewe ndiye mkubwa wetu na tangu Baba aondoke hukutuacha. Ila kama unataka kuleta kitu, lete kile kipimo cha presha cha kufunga mkononi, na uje na siku za kutosha ukae naye. Atakufundisha kupanga matofali. Utashindwa, kwa sababu wewe utataka kujaza mistari.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa chake nimekishona na nimeacha upana wa kutosha, sisemi zaidi. Watoto waambie shangazi yao anawasubiri na ndizi zimeanza kuiva. Glorious anakusalimu, amesema ile fainali hajaisamehe. Urbani anakusalimu pia, ameuliza kama bado una vidole virefu. Mungu akulinde huko ofisini na kwenye vikao vyako vyote, na akupe moyo wa kuielewa barua hii baada ya kuisoma, si kabla.

Ni mimi mdogo wako,
Kalista

Nilikuwa nafunga bahasha, Mama ameomba kalamu. Nimemsomea yote, amesema nimeongea sana. Nafasi iliyobaki hapa chini ni yake, na sikumshika mkono wala kumsahihisha.

Rogasi mwanangu
Marahaba.
Huu ni mkono wa kulia.
Gari lije na wajukuu lirudi na maharage.
Mimi mama yako
Kunigunda